Zafisoa na Sheria ya Bendera Nyekundu

Dada yetu, Zafisoa Marie Velonjara, alizaliwa tarehe 12 Mei 1958 hapa Ambodihasina, wilaya ya Mahanoro, mtoto wa kwanza wa Mzee Velonjara na Mama Soavita. Mimi ni kitinda mimba wao, niliyelelewa mgongoni kwake.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, kisha Mahanoro hadi mwaka 1976, akaajiriwa kuwa karani wa mahakama ya wilaya. Mwaka 1980 aliolewa na shemeji yetu Totobe, mkulima wa karafuu, aliyelalamika kila siku kwamba ameoa hakimu. Dada alimjibu, "Kula wali wako, mshtakiwa, kesi bado inaendelea."

Machi 1986 kimbunga kilitukuta na msiba. Kwetu ni mwiko maiti kuachwa peke yake, kwa hiyo waombolezaji hawakutoka, na nyumba ikawaangukia. Mama yetu alikuwa humo. Dada alilia, kisha akakasirika, na hasira ile hakuizika.

Alipostaafu mwaka 2013 tulimchagua mwenyekiti wa kijiji. Akaleta mkutanoni sheria yetu wenyewe, dina: bendera nyekundu ya onyo la kimbunga ikipanda, wote tuhamie shuleni kilimani, na kama kuna msiba, maiti abebwe wa kwanza. Familia itakayokaidi, kijiji hakitawabebea jeneza.

Mzee Botomora, mkuu wa ukoo, akawaka. "We Zafisoa, tangu lini maiti akakimbia mvua? Unataka mababu watucheke?"

"Babu, mwiko ni kumwacha. Nani kasema tumwache? Tunakwenda naye!"

Mzee alinuna mpaka karafuu zikavunwa. Mwishowe aliwamwagia mababu pombe ya miwa kuwaomba ruhusa, na hakimu wa Mahanoro akagonga mhuri. Tangu hapo vimbunga viwili vimepita. Mapaa yaling'oka, lakini hatukuzika mtu.

Mwaka 2021 dada alianza kuugua moyo. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 14 Januari 2025. Kesho yake asubuhi bendera nyekundu ikapanda, naye amelazwa sebuleni. Shemeji Totobe akasimama mlangoni.

"Mke wangu halowi. Nendeni nyie, mimi nabaki naye."

Mzee Botomora, ambaye siku hizi haoni vizuri, akaja akipapasa kwa fimbo. "Mkwe, toka hapo. Asipobebwa leo kupanda, hatumbebi kwenda kaburini. Mwenyewe ndiye aliyeandika, na mimi ndiye niliyebishana naye. Alinishinda. Wewe utamweza?"

Shemeji alilia kama mtoto, kisha akashika jeneza upande wa kichwa. Tulikesha na dada kilimani, kijiji kizima. Tuliposhuka, nyumba yao haikuwapo.

Ameacha watoto watatu, Honorine, Bemanana na Lalaina, wajukuu saba na sisi wadogo zake. Ameacha na mume, Totobe, mzima, huyu aliyekaa hapa mbele yenu.

Pumzika kwa amani, dada. Tumekubeba.