Rebeka Anapiga Jiwe

Kijiwe chetu kiko Ilemela, chini ya mwamba ulio nyuma ya duka la Odeta, na wanaokaa hapo wanajua kila kitu isipokuwa pa kwenda asubuhi. Jana Masele alikuja uso umemshuka. Binti yake Rebeka anasoma Ujerumani, na alipompigia mama yake kumwambia kwamba kazi yake huko ni kupiga jiwe, Dorotea akakata simu. Mtaa mzima tunajua kwa nini. Dorotea alimsomesha yule binti kwa kugonga kokoto mlimani mpaka kifua kikaharibika, na kila siku alimwambia nyundo asije akaishika. Tangu simu ile hajala wala hajasema neno. Masele alitaka tumpe maneno ya kurudi nayo nyumbani. Rebeka alikuwa amemtumia maelezo kwa sauti, Masele akatufungulia.

REBEKA (kwenye simu): Baba, tunachukua kijiwe chembamba kama kucha. Tunakipiga kwa mwanga wa leza, mkali sana, ambao macho hayauoni. Elektroni zilizomo ndani zinatikiswa kupita kiasi, ndipo jiwe linatoa mwanga mwingine, unaotikisika kwa kasi mara tatu ya ule wa kwanza, mara tano, mara saba...

INJINIA (huyu ni Shimba, anakodisha spika za harusi): Simamisha hapo. Hiyo naijua. Spika ukiifungulia kidogo, inatoa alichoimba mwimbaji. Ukiifungulia mpaka mwisho, inatoa na sauti ambazo mwimbaji hajaimba. Jiwe limezidiwa.

MASELE: Sasa ndiyo nikamwambie mama yake, jiwe limezidiwa?

KADHI (ni Mzee Mbaruku, hajawahi kuwa kadhi): Sikilizeni hesabu kwanza. Tatu, tano, saba. Witiri tupu. Mbili haimo, nne haimo. Ndiyo maana wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone.

INJINIA: Inaingiaje hapo, mzee?

KADHI: Mwanga umeingia mmoja, umetoka na ndugu zake. Mwenyeji kapona.

LUKMAN (muuza kahawa): Mimi naona ni madini tu. Jiwe likitoa huo mwanga mwingine, wanajua hapo pana kitu. Wakimaliza vijiwe vyao watakuja huku. Mwanza nzima si mawe?

INJINIA: Waje. Wakiupiga huu mwamba wetu, Ilemela hatununui umeme wa luku tena.

KADHI: Na mwanga ukidondokea ziwani, sangara watatoka wenyewe wakidhani kumekucha. Haba na haba hujaza kibaba.

MASELE: Sikuja kuuliza sangara. Mke wangu anaona aligonga mawe miaka yote ile bure. Inaniuma, jamani. Nimwambie nini?

Nilikuwa nimeshachoka na Injinia na spika zake, nikataka kumwambia anyamaze, lakini Dorotea mwenyewe alikuwa ameshafika, mdomo ameuziba kwa kitenge kwa ajili ya kikohozi. Akamwamkia Mzee Mbaruku shikamoo, akaitikiwa marahaba. Kwenye benchi alikataa kukaa.

DOROTEA: Hilo jiwe, vumbi lake analivuta?

Injinia akachungulia kikombe chake. Hata Kadhi alikosa methali, na sijawahi kumwona akikosa.

DOROTEA: Mmemsikiliza mpaka mwisho?

Masele akabonyeza simu.

REBEKA: ...na umwambie mama, hatushiki nyundo. Jiwe halivunjiki, na vumbi hakuna. Nikilipiga likapasuka, ujue nimezidisha, kazi imeharibika, naanza upya.

DOROTEA: Rudisha.

Masele akarudisha. Safari hii mama wa watu alikaa, akakishusha kitenge. Lukman akamimina kahawa iliyobaki kwenye birika, ikatoka nusu kikombe, akampa.

DOROTEA: Mimi kila nililolipiga lilivunjika.

Akanywa kidogo.

DOROTEA: Mpigie, Baba Rebeka. Nilimkatia simu mtoto.