Pale Kanda Ilipokwama

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Unga na hamkukosea, maana hata kwenye kope alikuwa nao, alizaliwa tarehe 9 Juni 1956, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, akiwa mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mkewe, na marehemu bibi alipenda kusema kwamba alikuja duniani amekunja ngumi zote mbili, jambo ambalo watoto wote hufanya, lakini nani angethubutu kumwambia bibi hivyo.

Alianza shule ya msingi Januari 1964, akamaliza 1970, na darasani, tuseme ukweli, hakuwa hodari, ila mwaka wa mwisho alikuta kwenye kabati la shule kitabu cha karate chenye picha za mtu aliyevaa nyeupe, akakiazima kwa wiki mbili, na mpaka tunavyozungumza kitabu hicho kipo nyumbani. Kitabu kilimwonyesha mguu ukiwa hapa, halafu picha ya pili mguu ukiwa kule, lakini hakikusema mguu ulipita wapi, na baba alitumia miaka mingi akiitafuta ile njia iliyo katikati ya picha mbili.

Tarehe 2 Mei 1975 aliajiriwa katika kiwanda cha mikate, akaanza kwa kubeba magunia, akapanda hadi kuwa msimamizi wa tanuri, akastaafu mwaka 2016. Kila mchana zamu ilipokwisha alibaki stoo, akavua viatu, akanyunyiza unga kidogo sakafuni, akafanya mazoezi, kisha akainama kuzisoma nyayo zake na kuzilinganisha na michoro ya kitabu, na wenzake wanasimulia kwamba ukichungulia saa ile, jua limeingia dirishani na vumbi la unga linaelea, humwoni mtu, unaona weupe unaotembea taratibu ndani ya weupe, na bosi aliyekuja kumgombeza alisimama mlangoni akasahau kilichomleta.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, aliyemshonea vazi la mazoezi kwa magunia ya unga, mgongoni limeandikwa kilo hamsini, na wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa 1985, ndiye huyu anayewasomea, na mdogo wake wa kiume aliyezaliwa 1988.

Mwaka 1986 shemeji yake, dereva wa malori, alimletea kanda ya video, na hapo baba akapata mwalimu anayetembea, mwenye mfululizo wa mapigo ishirini na saba, na kila jioni meza ya sebuleni ikasukumwa ukutani, na ole wako upite mbele ya televisheni. Kwenye pigo la kumi na moja, mkono wa yule mwalimu ukiwa juu, kanda ilikwama, picha ikatetemeka kwa muda wa pumzi moja, kisha ikaendelea, na baba, jamani, akadhani ndivyo pigo lilivyo, akajifunza kusimama mkono juu, pumzi moja, na kutetemeka kidogo vilevile. Watu wa mtaani walipomwomba awafundishe alikataa, akisema mtu ambaye hajawahi kusahihishwa hana cha kufundisha, na hilo ndilo lililomnyima raha, kwamba huenda kitu alichokipenda kuliko vyote alikikosea tangu mwanzo, na hapakuwa na wa kumwambia.

Mwaka 2005 mwalimu mmoja, mama wa makamo, alifungua darasa la karate ghorofani, juu ya duka la dawa, na kwa Jumamosi saba baba alipanda ngazi hadi katikati akashuka, mpaka mama akachoka, akamwambia, "Mume wangu, kama ni kuaibika, nenda ukaaibike leo, tupumzike." Tarehe 22 Oktoba alipanda ngazi zote, akafanya mapigo yake mbele ya darasa zima, akafika la kumi na moja, akasimama, akatetemeka, na alipoulizwa kwa nini, akajibu kwa heshima kwamba mwalimu wake ndivyo afanyavyo, darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka, alikwenda nyuma yake, akamshika mabega, akayashusha upana wa kidole kimoja, akaushusha na mkono, basi. Baba alirudi nyumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akalia, akamwambia mama, "Nimeshikwa bega."

Tangu siku hiyo alifanya mfululizo wake mara mbili, mara moja bila kusimama, kwa ajili ya mwalimu aliye hai, na mara moja kwa kusimama, kwa ajili ya yule wa kwenye kanda, kwa sababu, alituambia, humwona ndotoni bado ameinua mkono, anangoja mtu aje amshushie.

Februari 2021 alipata kiharusi upande wa kulia, akalazwa siku kumi na tisa, na mtaalamu wa viungo alipompa karatasi yenye michoro ya mazoezi baba alicheka kwa nusu ya mdomo, akasema, "Karatasi tena! Mwanangu, nishike." Mwalimu wake alikuja nyumbani kila Jumamosi, akauinua mkono uliopooza pigo kwa pigo, na Jumamosi ya tarehe 29 Julai 2023, walipofika la kumi na moja, yeye aliyemfundisha asisimame alisimama mwenyewe, mkono wa baba ukiwa juu ndani ya mkono wake, pumzi moja nzima, kisha akaushusha taratibu hadi kwenye shuka. Baba alifariki dunia Jumatatu ya tarehe 31, saa nne asubuhi, usingizini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliovumilia miaka yote meza kuburutwa, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na wewe mwalimu uliyekaa huko nyuma kana kwamba hukufanya kitu, ulifanya, na tulikuona.

Pumzika kwa amani, baba, mkono umeshashushwa.