Mkeka Mmoja: Maisha ya Dkt. Perepetua Nakayiwa (1951–2019)

Marehemu Dkt. Perepetua Nakayiwa alizaliwa Kalungu tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa Mzee Aloozio Kayiwa na Bibi Feresita. Alianza kuuliza maswali kabla ya kumaliza kuota meno, na hakuacha.

Alisoma Kalungu na Masaka, akahitimu ualimu Kampala mwaka 1974. Mwaka 1977 aliolewa na Bwana Kizito Lukwago, fundi saa, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2008.

Kuanzia 1983 alitafiti jambo moja: ni nini humwezesha mtoto kubuni kitu ambacho jana hakikuwapo? Aliwapa watoto maganda makavu ya mgomba, akahesabu walivyotengeneza. Kufikia 1989 hesabu zilionyesha kuwa watoto wa vijijini walibuni nusu tu ya wenzao wa mjini. Ripoti ilikuwa tayari kupigwa chapa, na shahada yake ya uzamivu iliitegemea.

Alipokwenda Kalungu kuwashukuru wazazi wake, msusi mmoja wa mikeka wa huko, Nnalongo Namata, alimwuliza aliwakalisha vipi watoto.

"Kila mmoja na dawati lake, Maama, kama wa mjini walivyozoea. Bila kuzungumza."

"Ee! Umewatenga kama wagonjwa wa surua, halafu unashangaa wamepooza? Hata mimi, niache peke yangu na huu ukili, nitasinzia!"

"Lakini wangeigana."

"Na wewe kusema ulimwiga nani?"

Marehemu aliiondoa ripoti. Msimamizi wake alisikitika: "Perepetua, unatupa miaka sita!"

"Nikiiacha ichapishwe, mwalimu," alijibu, "watakaotupwa ni watoto."

Alianza upya, watoto wa kijijini wakiwa wameketi mkeka mmoja, wakitaniana. Waliwafikia wa mjini, kisha wakawapita. Mmoja alitengeneza mtego wa kunasa mvua, ambao marehemu aliuhifadhi kabatini bila kuuelewa. Shahada aliipata mwaka 1996.

Novemba 2018 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Akiwa katika chumba cha peke yake hospitalini, alimwuliza muuguzi kwa nini vicheko vilitoka tu katika wodi ya watu wengi. Aliomba kuhamishiwa huko, akaenda na daftari. Huko ndiko alikofariki asubuhi ya tarehe 2 Juni 2019, akiwa amejaza kurasa kumi na nne.

Ameacha watoto wawili, Gonzaga na Imakulata, wajukuu watano, kaka mmoja, na Nnalongo Namata, mwenye miaka tisini na moja, aliyeusuka mkeka tunaomlaza nao leo.

Apumzike kwa amani dada yetu. Na huko aendako, asikalishwe peke yake.