Fundo la Nyasi la Mzee Yoramu Matonya

Marehemu Yoramu Matonya alizaliwa hapa Ilole, mwendo wa asubuhi moja kutoka Mvumi, mwaka ambao nzige walimaliza mtama. Tarehe hakuna aliyeiandika. Alikulia machungani. Kusoma alijifunza ukubwani, alipobatizwa Mvumi tarehe 7 Aprili 1907, na kila alipokwama kwenye neno alimsingizia mwalimu kuwa mwandiko wake mbaya.

Alimwoa Zipora, wakajaliwa binti mmoja, Ruthu.

Kazi yake aliirithi kwa baba yake: kuyatunza malisho ya kiangazi, ambayo ni ya ukoo mzima wala si ya mtu. Mvua zikiisha alifunga fundo la nyasi kwenye kichaka cha mpakani, na ng'ombe hakanyagi humo mpaka wazee wakubaliane, ndipo alifungue. Fahali wake mwenyewe alipoingia, alijitoza faini ya mbuzi. Tulimla huku tukimcheka, naye akicheka nasi.

Kiangazi cha 1911 kilitutesa. Ng'ombe wa Ruthu walikauka maziwa, na kichanga chake Loisi akawa anadhoofu. Ruthu alimpigia baba yake magoti, akaomba ng'ombe mmoja tu aingie. Mzee alilia, jamani, lakini akasema, "Mwanangu, nikimfungulia wako, nitamzuia nani?"

Tulimzika Loisi. Wiki haijaisha, askari wa boma wakaja na ng'ombe waliowakamata kwa ajili ya kodi, wakavuka lile fundo wakisema nchi ni ya serikali. Nyasi zote zililiwa mpaka mizizi. Tangu siku hiyo Ruthu alimpikia mzee, alimfulia, ila hakumwita baba tena.

Mzee naye hakuwa mzima tena. Kila mwaka alifunga fundo lake vilevile, huku kifua kikimbana. Jumamosi jioni, mzee akiwa hoi kitandani, Ruthu alimuuliza kama tumzike mle ndani ya malisho, mahali alipopapenda kuliko kwake.

"Nilazeni nje ya mpaka," alisema. "Nyasi bado hazijafunguliwa."

Ruthu akamshika mkono. "Sawa, baba," akamwambia.

Alifariki alfajiri ya Jumapili, tarehe 14 Septemba 1913. Ndiyo maana tumesimama hapa nje.

Ameacha mjane Zipora, mdogo wake Sostenes, na binti yake Ruthu, ambaye wazee wamemkabidhi fundo.

Pumzika sasa, mzee wetu. Mungu akupe amani.