Zoezi la Sita la Raia wa Dunia

Pale kona, chini ya ukuta wa shule, pana ubao mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili, na tangu jogoo wa kwanza hadi giza ubao huo haukosi mtu. Akiondoka huyu ameshafika yule, kahawa ni ile ile, na ubishi ni wa mambo ambayo hayajawahi kuwahusu. Mbele yao unapita mtaro. Shule iko upande huu, nyumba nyingi ziko upande wa pili, na mtu mzima aliyeamka vizuri huuruka bila kushika nguo. Muuza kahawa wanamwita Shangazi, ingawa hana mpwa hata mmoja pale. Siku hiyo, saa kumi alasiri, Mwalimu alifika akiwa amechoka hadi kope, fomu moja kwapani. Fomu hiyo ilitakiwa mezani kwa mwalimu mkuu kesho asubuhi, kabla wageni hawajaingia.

Wageni hao ndio walioleta vitabu. Vitabu vizuri, karatasi zake zinateleza, na kwenye jalada kuna dunia nzima imezungukwa na watoto walioshikana mikono, meno yote nje. Somo lenyewe ni uraia wa dunia, mazingira na jamii. Mwalimu alipewa kulifundisha kwa sababu masomo yalipogawanywa yeye alikuwa ametoka kidogo kwenda chooni. Asiyekuwepo na lake halipo, na Mwalimu aliporudi alilikuta la wenzake limewekwa kwenye kiti chake.

Zoezi la Sita liliwataka wanafunzi waende mahali wazee wanapokusanyika, waulize: hapa mtaani ni kitu gani ni cha watu wote, na nani anakitunza? Walikwenda wanafunzi arobaini na wawili. Wengi walirudi na jibu kwamba ni serikali. Kumi na mmoja waliambiwa ni Mungu. Mmoja aliandika, kwa mwandiko mzuri kabisa, "Hajafika bado."

Na mmoja hakurudi na jibu. Huyo alikuja kuuliza hapa hapa kijiweni. Aliruka mtaro kitabu kikiwa kifuani, akatua vibaya, mguu ukavunjika mahali pawili. Wazee hawa hawa ndio waliomwinua. Sasa wiki sita zimepita, na Jumatatu anarudi shule kwa magongo. Mwalimu ndiye aliyemtuma. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomnyima usingizi, maana lawama angeijibu.

— Leo umekunja uso kama shuka la mgonjwa, alisema Viza.

Viza alipakia mizigo uwanja wa ndege kwa miaka kumi na miwili, akaomba viza mara nne, akanyimwa mara nne. Hajapanda ndege hata ya maonyesho, lakini dunia huisema kwa undani, kama mtu anavyowasema wakwe zake.

— Nataka jibu moja la watu wazima, Mwalimu alisema. Moja tu, niliandike hapa, nikalale.

Akawasomea swali. Wakaweka vikombe chini kwa heshima ya swali lililochapwa.

— Kwanza tuelewane, alisema Dakika Mbili. Huyo raia wa dunia ndiye nani?

Dakika Mbili ni fundi saa. Kila saa inayofika kwake itakuwa tayari baada ya dakika mbili, na nyingine ziko kwenye kisanduku chake mwaka wa tatu huu.

— Raia wa dunia ni yule anayepita kila mahali bila kugongewa mhuri, alisema Viza.

— Basi kuku wangu ni raia wa dunia, alisema Shangazi.

— Shangazi, hapa tunaongea elimu.

Dakika Mbili akasogea mbele, dalili kwamba wazo limemwingia. Alieleza kwamba hapa ikiwa saa kumi alasiri, kuna watu mahali wamelala fofofo, na sisi tukilala wao ndio wanapiga mswaki. Kwa hiyo dunia inatunzwa kwa zamu, jambo ambalo fundi yeyote wa saa analijua.

— Na zamu yetu ni lini? Mwalimu aliuliza.

— Haijafika. Ndiyo maana wahenga wakasema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni anakuja anatunza, mwenyeji anapona kazi.

Mwalimu alitaka kusema kwamba methali hiyo haiko hivyo, akaona uvivu. Amesahihisha methali za kijiwe hiki miaka kumi na hajaona hata moja iliyopata nafuu.

Viza hakukubali kuachwa nyuma. Alinyoosha kidole mtaroni, kwenye maji meusi na mifuko ya plastiki iliyokwama. Alisema mfuko unaotupwa hapa unafika mtoni, mto unaupeleka baharini, na bahari inamkabidhi mtu wa ng'ambo ambaye hajawahi kutuona.

— Umefika bila viza, alisema, na kidogo sauti ilimpungua. Mimi nimenyimwa mara nne, mfuko umepita. Hayo ndiyo mahusiano ya kimataifa. Ukiusafisha mtaro huu umekata undugu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hujaza mtaro, alisema Shangazi.

Mwalimu alicheka. Hakutaka kucheka, lakini kijiwe kina utamu wake, na mtu aliyechoka hushikwa upesi. Alijichukia kidogo, akagonga fomu kwa kalamu.

— Jamani, nimeuliza cha watu wote, hapa. Hapa tulipo.

— Kivuko, alisema Shangazi bila kuinua macho. Si kulikuwa na kivuko?

Kivuko kilikuwepo kweli, mbao tatu zilizopigiliwa na wazazi wa wanafunzi. Mmoja ulioza, mmoja uliondoka na mafuriko, wa tatu ulibaki imara kama siku ya kwanza. Halafu ikaja fainali ya mpira, redio ya kusikilizia ikawa ya Shangazi, na watu wakakosa pa kukaa. Ubao huo ukachukuliwa kwa jioni moja. Mechi iliisha, waliofungwa walikwisha kusahau, na huu ni mwaka wa pili ubao uko juu ya mawe mawili, umelainika kwa makalio.

— Nani aliubeba? aliuliza Viza, ambaye siku hiyo alikuwa amesafiri kwa dada yake.

— Mbele mimi, alisema Dakika Mbili. Nyuma si wewe, Mwalimu? Ulikuwa unalalamika mgongo.

Mwalimu alikumbuka. Alikumbuka hata maneno yake mwenyewe, kwamba kesho asubuhi wataurudisha kabla watoto hawajapita. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayoanzia masikioni. Kwa wiki sita alikuwa akiulaumu mtaro, akimlaumu aliyetunga Zoezi la Sita, na alikuwa akiwalaumu akiwa ameketi.

— Basi tuurudishe, alisema.

Alisema akiwa bado amekaa, na wenzake walisikia kwamba bado amekaa.

— Tatizo lako, Viza alimwambia kwa huruma, unafundisha vitabu lakini huvielewi. Mti unakula moshi wa magari, au siyo?

— Ndivyo kinavyosema kitabu.

— Ukiukata, moshi unabaki ndani ya ubao. Sasa huu ubao ukanyagwe na watoto mia tano, unyeshewe, uoze. Moshi wote unatoka, unapanda juu, jua linawaka, barafu inayeyuka, watu wa visiwani wanazama na watoto wao. Sisi tumeukalia. Hapa, Mwalimu, tumekalia msitu.

— Na tukinyanyuka?

— Visiwa vinazama.

— Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, aliongeza Dakika Mbili, akimaanisha kwamba kilichokwenda kimekwenda, kisitafutwe.

Mwalimu hakuandika kitu. Alijua kwamba yote yale ni upuuzi, na kwamba angeweza kuyaacha yamwagike pale pale kwa kusimama tu. Lakini kusimama kwanza ni kukiri kwamba kumbe ilikuwa kazi ya dakika tatu, na kwamba ingefanyika siku yoyote kati ya siku zote zile.

Ndipo upande wa pili wa mtaro akafika mwanamke mwenye mfuko wa dawa. Hakuwa mtu wa kijiweni. Pale hakuwahi kusimama. Mwalimu alimjua, alikuwa mama wa yule mtoto.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mama.

— Anaendeleaje? Mwalimu aliuliza.

— Mzima, Mwalimu. Jumatatu anakuja. Tangu jana anapanga madaftari, anapangua, anapanga.

Akautazama mtaro, kisha ubao. Alieleza taratibu kwamba kwa magongo mtoto hawezi kuruka, na kwamba kuzunguka hadi barabara kuu ni mbali mno kwa mguu ule. Yeye mwenyewe alijaribu kumbeba jana, wakateleza wote wawili, wakashukuru Mungu. Jirani ndiye aliyemwambia kwamba ubao huu zamani ulikuwa kivuko. Hakuuliza nani aliuchukua.

— Sitaki kuwasumbua, wazee. Nilikuwa naomba kuuliza tu. Huwa mnanyanyuka saa ngapi?

— Unasemaje, mama? alisema Viza.

— Asubuhi anaingia saa moja, mchana anatoka saa nane. Nikijua saa mnazonyanyuka, nitakuja niuazime, nimvushe. Halafu nitaurudisha mahali pake.

Akaonyesha yale mawe mawili.

Dakika Mbili huvaa saa mkono wa kushoto na nyingine mkono wa kulia. Alizitazama zote mbili. Viza aliona kitu ndani ya kikombe chake, akakitafuta kwa makini. Mwalimu, mwenye fomu, mwenye kalamu, alifungua mdomo na hakupata saa ya kumtajia, maana haikuwepo. Wote watatu walikaa kila mmoja akimngoja mwenzake aanze, na ubao chini yao haukulia hata kidogo.

Mama yule alidhani hawajamaliza mambo yao.

— Wala msiharakishe, alisema. Malizeni kwanza kahawa, mimi nitasubiri.

Akauweka mfuko wa dawa chini, akakaa kwenye ukingo wa mtaro, akawaangalia bila kinyongo.

Shangazi aliligeuza birika juu chini mbele yao wote.

— Kahawa ilikwisha zamani, mwanangu, alisema.