Ugonjwa Wangu Usisomwe Kaburini

Khisa, weka kalamu chini. Ndiyo, wewe mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, karani wa kanisa, ambaye Sifuna amekuita na makaratasi ati uandike wosia wa mjomba wako. Sitaki uandike. Ya leo nayasema kwa mdomo wangu mbele ya wanangu wawili na mke wa mkubwa wao, na mwenye masikio atayabeba hivyo. Wewe keti tu usikilize, maana mengi yanakuhusu.

Sikilizeni wanangu. Sifuna, Zachary, na wewe Rosaline, acha hiyo chai, utamimina baadaye. Mimi Khaemba naondoka. Msinikatize kwa kusema ati nitapona. Si mtoto wa kubembelezwa mimi, na mwili huu ni wangu, naujua.

Tuanze na huo mwili. Nilipolazwa Bungoma, Sifuna ulimvuta kando yule nesi Jelimo ukamwambia, "Sista, mimi ndio kifungua mimba, niambie tu mzee anaugua nini." Ulidhani sikusikia? Ni pazia tu lililotutenganisha. Na yule msichana akakujibu, "Si yeye ako hapo na akili zake? Muulize. Akitaka ujue, utajua." Ukaondoka umevimba mashavu. Mimi nilicheka mpaka kifua kikanibana, kisha nikageukia ukuta nikalia, bana, kwa sababu dada yenu Nasambu hakupata mtu wa kumjibia hivyo.

Msiangalie chini. Tangu mwaka ule hakuna anayetaja jina lake katika nyumba hii, na leo nitalitaja mpaka mchoke. Nasambu, niliyempa jina la mama yangu mzazi. Nasambu aliyekuwa mwalimu wa darasa la kwanza kule Kitale, na kila likizo akija hapa Tongaren na sukari na majani chai, nanyi mkimkimbilia langoni kumpokea mizigo. Alipoanza kuvuja damu, si ninyi mliompeleka hospitali. Ni Gathoni, jirani yake, aliyemfunga leso kiunoni akampakia kwenye pikapu ya mboga. Wakafika, na daktari, mtu aliyesomea kazi yake, akasita kumgusa. Akataka kwanza kujua mimba imetokaje. Mtu anakufa mbele yako na wewe unauliza imetokaje! Aliogopa sheria, ati akimtibu ataambiwa amesaidia kuitoa. Gathoni alipiga kelele mpaka wodi zikamwagika nje, ndipo wakamwingiza kwenye upasuaji. Walimwokoa yeye, lakini kizazi hakikuokoka. Huyo daktari sijamsamehe.

Lakini daktari alifunga mdomo. Aliyefungua ni wewe, Khisa. Ulikuwa karani wa mafaili katika hospitali ileile, ukaona jina la binamu yako, ukasoma ya ndani ambayo kazi yako haikukutaka usome. Ungekwenda ukamnong'oneza mama yako, ningesema ni udaku wa kawaida. Wewe uliyabeba ukaja nayo mpaka kanisani kwetu siku ya Jumapili, ukasimama wakati wa maombi ya wagonjwa, ukafumba macho, ukasema kwa sauti, "Tumuombee dada yetu Nasambu, ako hospitali Kitale, ametoa mimba." Na kanisa zima likaitikia amina! Nilikuwa nimeketi mbele pamoja na wazee, kofia mapajani. Ndivyo tulivyo hapa kwetu: ukitaka kumwanika mtu bila kuitwa msengenyaji, unamwombea. Wiki haikuisha kabla polisi hawajaingia wodini. Walimfunga pingu kitandani, mtu ana kidonda kibichi tumboni, na waliokuja kuwaona wagonjwa wengine wakasimama kumtazama yeye. Sasa redioni wanabishana kila siku juu ya katiba mpya na mimba za watu, wanaume wenye tai, na sijasikia hata mmoja akiitaja pingu ile.

Kesi ilianguka kwa kukosa shahidi. Lakini nani alimrudishia kazi yake? Shule ilimfukuza, na ninyi mkamfungia lango. Zachary, ulisema huli sahani moja na muuaji. Na wewe Rosaline ulichoma shuka alizolalia. Ulichoma shuka!

Na Emmy mnamkumbuka? Binti wa hapo ng'ambo ya barabara, aliyekuwa akituletea maziwa. Naye alianza kuvuja damu vilevile. Mama yake akamsihi waende hospitali, akakataa, akasema, "Mimi sitaki kuombewa na Khisa." Alifia nyumbani, kwenye mkeka, na sisi hawa hawa tukaenda kuimba matangani. Khisa, siku ile uliomba vizuri sana. Niliinua fimbo nikupige, watu wakanishika wakidhani ni uchungu. Haukuwa uchungu. Ilikuwa hasira, na ndiyo hiyo imeniweka hai mpaka leo.

Nipeni maji. Si wewe, Khisa. Zachary alete.

Haya. Shamba. Sifuna, upande wa juu wenye nyumba ni wako. Zachary, kuanzia kwenye mikalitusi mpaka barabarani. Kipande cha chini, kile cha udongo mweusi karibu na mto, ambacho nyote wawili mnakimezea mate, hicho ni cha Nasambu. Chifu anajua, na mpima ardhi ameshaweka mawe. Ati msichana hapewi shamba? Anayepewa ni mtoto wangu. Atakayeng'oa jiwe hata moja asikanyage kaburini kwangu.

Na siku ya kunizika, ugonjwa wangu usisomwe. Nawajua ninyi. Mtasimama na ile historia ya marehemu, mzee alianza kuugua mwezi fulani, akapelekwa hospitali fulani, akapatikana na kitu fulani, na watu watikise vichwa huku hilo ndilo walilojia. Someni nilizaliwa wapi, nilifanya kazi gani kule kiwanda cha karatasi Webuye, nilizaa nani na nani na nani. Watatu, si wawili. Kisha mkae. Na Nasambu aketi mbele, karibu na jeneza, Gathoni kando yake.

Sasa lile swali lenu. Sifuna, hata jana ulinipigia magoti: "Baba, kabla hujaenda, tuambie ukweli. Mimba ilitoka ama aliitoa?" Ati ukijua ndipo utaamua kama utamsamehe. Sikiliza vizuri. Naujua. Nilikwenda kumwona kule kwa Gathoni anakofuma sweta za shule, na aliniambia mwenyewe bila mimi kumwuliza. Na sikwambii. Kama ilitoka, mtasema maskini. Kama aliitoa, mtasema mlifanya vyema kumfukuza. Sitawapa nafasi hiyo. Hilo ni lake, na mimi naenda nalo. Mpokeeni hivyo hivyo, bila kujua.

Pumzi... ngojeni kidogo.

Sogeeni. Sifuna, leta kichwa. Zachary. Wele, Mungu wa baba zangu, awape mvua kwa wakati wake. Awape mabinti, na mabinti hao wasiogope kuugua mbele yenu. Rosaline, na wewe. Khisa... nilitaka kukulaani. Lakini wewe ni wa dada yangu. Mungu akufunge mdomo tu, inatosha.

Lango hilo. Mmesikia? Ni yeye, nilimwomba Gathoni amlete. Sifuna, mpe kiti. Si pale mlangoni, hapa, kichwani pangu.

Nasambu. Mama. Karibu kwako.

Ninyi wengine tokeni nje. Nataka kumwambia mtoto wangu... ninaugua nini. Khisa, na hapo dirishani utoke. Rosaline, funga mlango.