Mama Pumzi, Mwalimu wa Mazoezi ya Sebuleni

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Pumzi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa tatu kati ya sita wa karani wa posta na mkewe mshonaji. Alizaliwa mkubwa, akakua mkubwa. Mama yetu alikuwa akisema kwamba nguo za mtoto huyu humbana kabla hazijachakaa. Alikuwa mpole, mcheshi wa chini kwa chini, mtu wa kushika mzigo kabla hajaombwa. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake wa mwisho, ambaye marehemu alimbeba mgongoni hata alipokwisha kujua kutembea.

Alianza shule ya msingi mwaka 1977, akamaliza kidato cha nne mwaka 1987. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Kipindi cha michezo kilipofika, mwalimu alimtazama juu mpaka chini, akasema, "Wewe kaa hapo ulinde viatu." Basi akavilinda viatu vya wenzake mpaka alipomaliza shule. Alipokuwa akikisimulia kisa hiki alicheka, nasi tukacheka naye. Ni mumewe peke yake aliyejua kwamba kicheko kile kilimchukua miaka mingi kukipata.

Mwaka 1990 aliajiriwa kuwa dobi wa hospitali. Kazi ile aliifanya mpaka mwili ulipomkatalia. Mashuka yaliyolowa hayana huruma: unayatoa kwenye mashine, unayakamua, unayabeba, na ukigeuka mengine yanakungoja. Alirudi nyumbani vidole vimekunjamana kwa maji na miguu imevimba, akaingia jikoni. Hakuwa mlalamishi. Akizidiwa sana alisema, "Leo nimechoka mpaka kwenye kucha," kisha akaendelea kumenya vitunguu.

Hukohuko kazini ndiko alikompata mwenzake. Fundi mmoja wa mafriji aliitwa kutengeneza friji la dawa. Akalitengeneza. Wiki iliyofuata akarudi kuliangalia, na iliyofuata tena, kila mara akipitia mlango wa chumba cha kufulia, ambao haukuwa njia ya kwenda popote.

"Bwana fundi," marehemu akamwuliza siku moja, "hilo friji linaumwa nini lisilopona?"

"Friji limepona zamani," akajibu. "Anayeumwa ni mimi."

Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1994, wakajaliwa binti mmoja na mwana mmoja.

Mwaka 2013 mgongo ulimkamata. Daktari akamwambia asipofanya mazoezi atakuja kutembelea fimbo. Dada akanunua raba, akaenda ukumbi wa mazoezi wa mtaani, wenye vioo kila ukuta na vijana wanaojitazama. Kijana wa mapokezi akamwamkia kwa adabu zote, "Shikamoo mama. Umekuja kumchukua nani?" Hakukuwa na ubaya moyoni mwa kijana yule. Lakini dada aligeuka na raba zake, akarudi nyumbani kwa miguu, na hakukanyaga tena pale.

Akaanza kujifunza kwa video za watu wengine, mlango umefungwa. Mumewe alikuwa akichungulia. Akauliza, "Hawa wasichana mbona hawatoki jasho?"

"Ndiyo maana siwaamini," akasema dada.

Binti yake ndiye aliyemwambia, mwaka 2016, kwamba arekodi za kwake. Alikataa, akakataa tena, kisha jioni moja ametoka kazini akakunja zulia, akasukuma kochi ukutani, akavaa gauni la nyumbani na raba. Kwa uzito alishika chupa mbili za maji zilizojaa mchanga, alizopeleka kwanza kwa mwenye duka zipimwe ili mkono mmoja usidhulumiwe. Akaitazama simu, akasema, "Nimechoka. Najua na wewe umechoka. Tuanze hivyohivyo." Akapiga hatua kulia, hatua kushoto, mikono juu, chupa kifuani, akichuchumaa na kuinuka, na kila baada ya muda akapaza sauti, "Pumzi jamani, pumzi!" Jina likamkaa tangu siku hiyo.

Jirani wa chini, fundi cherehani, alipanda ngazi wiki ya pili amefura. "Dada, taa yangu inacheza ngoma. Unarukaruka nini juu ya kichwa changu?" Dada akamwomba radhi, akakaa akafikiri, akabuni mazoezi yasiyokuwa na kuruka hata kidogo: mwendo wa haraka, goti juu, mguu usipige sakafu. Haya ndiyo yaliyoenea kuliko yote, maana wanaokaa juu ya vichwa vya wenzao ni wengi. Mumewe ndiye aliyekuwa mshika kamera, na kidole chake kinaonekana katika video nyingi. Katika moja alipita nyuma yeye mwenyewe, amevaa pajama na kubeba ndoo ya kufulia, akasimama, akasema, "Endeleeni tu." Hiyo ilitazamwa kuliko zote, jambo lililomwudhi marehemu kwa mwezi mzima.

Wanawake walimwandikia. Wapo waliomweleza kwamba sasa wanafunga viatu vyao wenyewe. Wapo ambao hawakuandika chochote ila neno moja: pumzi.

Mwishoni mwa mwaka 2021 muuguzi mmoja, asiyetufahamu, aliandika chini ya video: "Mwalimu, nimefanya nawe miaka mitatu. Kuhema huko si kwa uchovu. Nenda hospitali." Dada akasoma, akasema kila mtu siku hizi ni daktari. Binti yake akasoma pia, na hakunyamaza. Vipimo vilionyesha moyo umetanuka, na kwamba ugonjwa ulikuwa umeanza zamani. Akaacha kazi. Akapewa vidonge, na amri ya kutojitesa.

Ukweli usemwe, kuuguza kunachosha, na nyumba ile ilichoka. Mwaka uliofuata marehemu alipotaka kurekodi mazoezi ya kukaa kwenye kiti, kwa wagonjwa kama yeye, binti yake aliificha simu.

"Mama, watu watapata video kwingine. Mimi mama kwingine nitampata wapi?"

Dada hakugombana. Alisema taratibu, "Mwanangu, nikikaa tu nakuwa mgonjwa kutwa. Nipe robo saa niwe mwalimu."

Binti alilia, akaitoa simu. Daktari aliulizwa, akaruhusu mikono tu, polepole. Ya mwisho aliirekodi mwezi Aprili mwaka huu, na chupa zisizo na kitu ndani, mumewe ameketi kando yake akifanya naye. Katikati alishindwa. Akashusha mikono, akasema kwa watu wake, "Mimi leo naishia hapa. Mwenye nguvu aendelee." Mumewe alitaka kipande hicho kikatwe. "Kiache," akasema dada. "Na kuishia ni sehemu ya somo."

Wapo wanaouliza, na tunawasikia: mazoezi yote yale yalimfaa nini? Hata wifi yake alimwuliza, siku alizokuwa amelazwa wodini, kwa uchungu wa kumpenda. Jibu lake ni hili, kama alivyolisema: "Wifi, sikuyafanya ili nisife. Niliyafanya ili nipande ngazi za nyumbani kwangu bila kushikwa mkono. Nimezipanda." Daktari mwenyewe alituambia kwamba moyo ule ulivumilia kuliko alivyotarajia. Zaidi ya hapo hatujui.

Marehemu alifariki dunia Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, saa tisa alasiri, nyumbani, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne. Binti yake alikuwa akimpaka mafuta miguuni.

Ameacha mume, binti, mwana, mjukuu wa kike mmoja, ndugu watano, wifi, na wanawake ambao hatuwajui majina wala sura, katika vyumba ambavyo hatutaviona.

Mumewe ameomba neno moja liongezwe. Anasema katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwona mkewe akilala mchana. Wiki ya mwisho ndipo alipomwona, jua limeingia dirishani, mdomo wazi kidogo, naye akaketi akamtazama, akajua kwamba alikuwa ameoa mwanamke mzuri na kwamba kazi zilikuwa zimemnyima nafasi ya kumwambia.

Basi na alale, Mwenyezi Mungu amlaze pema, na asiwepo wa kumwamsha.